Kuchora hofu ya pesa katika familia ya Kusini bila kuigeuza tangazo la misaada

*"Naishi Alabama mwaka wa tisa sasa, karibu na mpaka wa Georgia, kwenye mji uliolelewa na viwanda vya nguo ambavyo vimeshafungwa. Mume wangu ni Mmarekani Mweusi, mzaliwa wa hapa, na kila Jumapili tunakutana kwa mama mkwe. Nachora kwa rangi za mafuta. Nataka kuchora familia hii pamoja na ile hofu ya pesa ambayo hakuna anayeitamka: bili, gari lililokopewa pesa, kiwanja cha babu ambacho hakijagawanywa. Lakini kila picha inatoka kama tangazo la kuomba misaada. Nyuso zina huzuni, vyumba ni giza, ngozi inakuwa ya majivu, na rangi zikishakauka zinapauka mabaka mabaka. Wifi yangu ameona moja akaniuliza, 'Hivi ndivyo unavyotuona?' Tangu siku hiyo sijashika brashi. Niiache mada hii, au kuna mbinu ninayoikosea?"*

Mada usiiache. Wifi yako naye usimnunie, maana swali lake ni uhakiki ambao wengine hulipia karo wasiupate. Kwa maelezo yako una matatizo mawili, moja la macho na jingine la rangi, na yote yameanzia pahali pamoja: umelikabidhi giza kazi ya kueleza hofu. Giza limekufichia watu, halafu likakuharibia na rangi.

Tuanze na macho. Umaskini na hofu ya pesa hukaa mtaa mmoja lakini si nyumba moja. Anayeogopa ni yule mwenye kitu kinachoweza kuondoka. Familia unayoieleza ina nyumba, ina gari, ina kiwanja, ina mlo wa Jumapili. Kima cha chini cha mshahara cha serikali ya shirikisho kimesimama kwenye dola 7.25 kwa saa tangu Julai 2009, na Alabama haijaweka chake. Saa 40 za kazi ni dola 290 kwa wiki kabla ya makato. Wengi hupata zaidi ya hapo, hasa tangu kiwanda cha magari cha Kia kilipoanza kazi West Point, Georgia, mwaka 2009, kwenye bonde lile lile la mto Chattahoochee lililokuwa likisokota pamba. Lakini huyo anayepata zaidi analipa bima, mkopo wa gari na umeme wa kiyoyozi kwa mshahara huo huo, na gari likigoma hana daladala ya kumfikisha kazini. Friji imejaa na moyo haujatulia. Ukimchorea friji tupu umemsingizia, na wifi yako ameliona hilo kabla yako.

Sehemu ya kosa si yako peke yako. Mwaka 1936 Walker Evans alipiga picha za familia tatu za wakulima wapangaji kaunti ya Hale, Alabama, na tangu hapo mtu akitajiwa Kusini na shida, jicho linakimbilia ukuta wa mbao, miguu peku na midomo iliyobanwa. Ni picha kubwa zile, sizibezi. Ila ni za Mdororo Mkuu, ule mtikisiko wa uchumi wa miaka ya 1930. Ukizifuata utachora kumbukumbu ya picha badala ya chumba ulichokaa Jumapili iliyopita.

Sasa kuna mchoro mmoja nakuomba uutafute na uutazame nusu saa nzima, kwa sababu unahusu jambo lako hasa. Edgar Degas, Mfaransa ambaye mama yake alizaliwa New Orleans, aliwatembelea ndugu zake huko kuanzia vuli ya 1872. Mwaka 1873 alichora *Ofisi ya Pamba New Orleans*, yaani ofisi ya mjomba wake, Michel Musson, kwenye turubai la takriban sentimita 73 kwa 92, lenye wanaume 14. Mjomba amekaa mbele akichambua pamba kwa vidole. René, ndugu yake Degas, anasoma gazeti. Ndugu mwingine, Achille, ameegemea dirisha upande wa kushoto kama mtu asiye na la kufanya. Mhasibu ameinamia daftari. Chumba ni cheupe, kina mwanga, pamba imetandazwa mezani kama unga. Na kampuni hiyo ilikuwa inavunjwa miezi hiyo hiyo.

Tafuta uso wenye huzuni, hutauona. Hakuna anayelia, hakuna aliyeshika kichwa. Kinachokukosesha raha ni mpangilio: watu 14 wa kazi moja na karibu kila mmoja ana lake, macho hayakutani, na yule wa dirishani anaonekana amepumzika kupita kiasi kwa saa za kazi. Degas alitarajia kumuuzia picha hiyo mwenye kiwanda cha kusokota Manchester. Haikuwa, na mwaka 1878 ilinunuliwa na makumbusho ya mji wa Pau, Ufaransa, iliko hadi leo. Hilo la Manchester nalitaja kwa sababu moja tu: mtu aliyekusudia kuuza picha kwa mfanyabiashara wa pamba hakuwa na nafasi ya kuchora machozi, na kizuizi hicho kilimsaidia.

Kwa hiyo zoezi lako la kwanza halina rangi. Kunja karatasi ya A4 mara tatu upate visanduku vinane. Katika kila kisanduku chora meza ya mama mkwe na watu wake kwa penseli, dakika tatu tu, vichwa viwe mayai matupu bila macho wala midomo. Usibadilishe kitu kingine ila umbali kati ya mtu na mtu. Watu waliotulia huachia miili yao ipishane: bega la huyu linafunika mkono wa yule. Wenye jambo moyoni huacha ufa ambao ukuta unaonekana ndani yake. Kwenye ufa mmojawapo simamisha kitu kilichonyooka: ukingo wa mlango, mgongo wa kiti, ubavu wa friji. Yule anayejua deni limefika wapi mkalishe karibu na bahasha, lakini asiitazame. Kati ya vinane, viwili au vitatu vitakufanya usite. Hivyo ndivyo vya kuchukua. Ukifika kwenye nyuso, wachore walivyo wakila: mmoja anatafuna, mmoja anacheka, mmoja anamkanya mtoto. Uso usibebeshwe kazi ambayo mkao umeshaifanya.

Vitu ndivyo vinavyokuwekea tarehe na mahali, na hapo miaka yako tisa ni mtaji. Mikopo ya kuweka hati ya gari, iliyojaa pande zote mbili za mpaka wenu, ina tabia ya ajabu kwa mchoraji: mkopeshaji hushika hati, gari hubaki uani na mwenyewe anaendelea kuliendesha. Rehani yenyewe haionekani. Basi lichore gari likionekana dirishani, limeoshwa, linang'aa, na lipe nafasi kubwa kidogo kuliko dirisha linavyodai. Kiwanja cha babu kiko hivyo hivyo. Kila aliyeketi mezani ana fungu lake kisheria na hakuna anayeweza kulionyesha kwa kidole, benki hazina hamu nacho, na mrithi mmoja akiuza fungu lake mnunuzi anaweza kwenda mahakamani kudai kiuzwe chote. Hutaweza kuchora hayo. Unaweza kuchora bakuli la karanga za pekani zilizookotwa huko, limewekwa katikati ya meza, na kila mtu akichukua kwa mkono wake. Upepeo wa kanisani wenye tangazo la nyumba ya mazishi mgongoni unasema habari ya joto, imani na gharama kwa pamoja. Na kama mji wenu ni Lanett au Valley, usisahau saa ya ukutani: kwa sheria Alabama nzima iko kwenye saa za Kati, saa moja nyuma ya Georgia, ila miji hiyo inafuata saa ya Georgia kwa sababu ndiko kazi zilikokuwa. Mgeni asingejua kuichora.

Karatasi moja ya deni kwa picha inatosha. Bahasha yenye kidirisha cha plastiki inatambulika hata kwa madoa mawili ya rangi, moja jeupe na moja la kijivu cha buluu. Usiandike tarakimu zinazosomeka. Mtazamaji akianza kusoma ameacha kutazama, na namba za akaunti za watu hazina kazi ukutani.

Sasa mwanga, ambao ndio daraja la kwenda kwenye tatizo la pili. Tengeneza ngazi ya kijivu yenye hatua 9, ya 1 ikiwa nyeusi kabisa na ya 9 nyeupe. Nina hakika vyumba vyako vimekaa kati ya 1 na 4. Ngozi nyeusi katika mwanga wa kawaida hukaa takriban 2 hadi 4, mng'ao wake ukipanda hadi 6. Umeona kilichotokea? Umewaweka watu weusi mbele ya ukuta mweusi, wakapotea, ukalazimika kuwaokoa kwa kuchanganya nyeupe kwenye ngozi. Nyeupe ya titani hupoza rangi na kuifanya chaki. Yale majivu unayoyalalamikia yalianzia ukutani, hayakuanzia usoni.

Pandisha chumba. Kuta, meza na dari viwe kati ya 5 na 7, kama vilivyo kweli kwenye jiko lenye balbu za LED. Hatua ya 1 iachie chini ya meza na mlango wa korido. Hatua ya 9 itumie mara moja tu, mathalani kwenye bahasha. Watu sasa watasimama wenyewe, wazito, bila msaada. Kwa ngozi anza na siena iliyochomwa, ile kahawia yenye wekundu (tafuta msimbo PBr7 kwenye tyubu), na buluu ya ultramarini (PB29), mafungu mawili kwa moja. Kivulini ongeza buluu. Upande wa mwanga panda kwa oka ya njano (PY43) na chembe ya nyekundu yenye joto, na nyeupe ije mwisho kabisa, ndogo kama punje ya mchele, kwa ajili ya mng'ao wa paji la uso na pua. Mng'ao huo una rangi ya chanzo chake: wa dirisha huegemea buluu, wa balbu yenye mwanga wa joto (2700 K) huegemea chungwa. Ukiwa na mtu ameshika simu, uso wake hupata buluu kutoka chini, na hapo usisite, weka.

Ukitaka weusi wa kina, jifunze kwa Kerry James Marshall, mzaliwa wa Birmingham, jimbo lako hilo hilo, mwaka 1955. Yeye hana nyeusi moja. Anatumia nyeusi ya pembe, ya kaboni na ya oksidi ya chuma, kisha anazielekeza kwa buluu, kijani au zambarau. Ziweke pamoja kwenye kipande cha turubai (PBk9, PBk7, PBk11) utaona moja ina joto na nyingine baridi. Amy Sherald, wa Columbus ng'ambo ya mto kwenu, alichagua njia tofauti: ngozi anaichora kijivu kwa makusudi na nguo anazipa rangi kali. Kijivu chake ni uamuzi, kimepangwa toka mwanzo. Chako kilikujia.

Kupauka mabaka mabaka kunasababishwa na mafuta kunyonywa. Rangi ya mafuta ni unga wa rangi ulioshikwa na mafuta ya kitani. Tabaka la chini likiwa na kiu, mafuta yanazama, unga unabaki juu ukiwa mkavu, na mwanga unatawanyika badala ya kupenya. Rangi nyeusi na za udongo huonyesha hilo kuliko zote. Ukichanganya na tapentaini nyingi unazidisha. Pima hivi: picha ikiwa imekauka ukiigusa, pitisha kitambaa chenye unyevu wa maji kidogo kwenye baka. Weusi ukirudi kwa sekunde chache kisha ukafifia, rangi yako ni nzima, imekosa mafuta tu.

Tiba: changanya mafuta ya kitani yaliyosafishwa na kiyeyusho kisicho na harufu kali, nusu kwa nusu. Paka kidogo sana kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kwenye baka tu, subiri dakika 10, kisha futa mpaka kitambaa kitoke kikavu. Watu hukosea kwenye kufuta: mafuta yanayobaki juu hugeuka manjano na kukunjamana kama ngozi ya maziwa. Fanya hivyo mara moja tu, kabla ya kuendelea kuchora juu yake. Kwa picha iliyokwisha, subiri miezi 6 hadi 12 upake vanishi, itasawazisha mng'ao wote.

Na vitambaa hivyo usivikunje ukatupa kwenye ndoo. Mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa hulihifadhi hadi kinawaka chenyewe. Vitandaze nje vikauke kimoja kimoja, au vitie kwenye kopo la chuma lenye maji na mfuniko. Kama unachorea jikoni, kiyeyusho kisikae karibu na chakula wala watoto, na dirisha liwe wazi.

Kwa picha mpya, turubai za bei nafuu zipake jeso (rangi nyeupe ya msingi) mara mbili zaidi, zisugue kidogo kwa msasa namba 220, kisha futia siena iliyopunguzwa kwa kiyeyusho uache wiki nzima. Tabaka za chini ziwe na mafuta kidogo, za juu ziwe nayo zaidi. Ukigeuza utaratibu huo juu patakauka kabla ya chini na rangi itapasuka. Nyeusi ya pembe hula mafuta mengi na huchelewa kukauka, kwa hiyo usiifanye msingi wa chumba kizima, na nahisi ndivyo ulivyofanya. Nyeupe epuka ya zinki (PW4), ni kavu kama gamba la yai baada ya miaka. Ya titani (PW6) inatosha.

Kuna njia ya kuingiza karatasi na nguo zenyewe, nayo ina ukoo huko huko. Benny Andrews alizaliwa 1930 Plainview, Georgia, katika familia ya wakulima wa kugawana mavuno yenye watoto kumi. Akiwa mwanafunzi Chicago mwaka 1957 alichora wasafishaji wa shule wakipumzika, akabandika kwenye turubai karatasi walizokuwa wanashughulika nazo, za kufutia mikono na za chooni. Ukitaka kujaribu na bahasha au kitambaa cha aproni, kwanza ziba kipande pande zote mbili kwa gundi ya akriliki, maana mafuta yakigusa karatasi tupu huiozesha. Risiti za dukani usitumie. Nyingi huchapwa kwa joto na maandishi hufutika. Binafsi ningeanza na kitambaa. Bili halisi kwenye picha inapiga kelele mno.

Tena, acha kuidai picha moja iseme kila kitu. Jacob Lawrence alipoeleza safari ya Wamarekani Weusi kutoka Kusini, mwaka 1940 na 1941, alitumia mbao 60 ndogo, kama sentimita 30 kwa 46, na alizichora kwa pamoja rangi baada ya rangi ili zisitofautiane. Wewe chukua mbao sita za kipimo hicho. Mlo, uani, kuosha gari, mtu peke yake mezani usiku, watoto barazani, mlo tena. Mbao inayoonyesha wasiwasi ikiwa jirani na ile ya kicheko, hakuna atakayedhani umewapunguza watu.

Kuhusu wifi, zipo njia mbili na zote zina gharama. Unaweza kuunda watu wa kubuni, ukachukua mkao wa huyu na mikono ya yule. Utapata uhuru, lakini utapoteza ule ufanano unaoipa picha uzito. Au uwachore wenyewe, kwa ruhusa. Mimi ningechagua ya pili, polepole: mpelekee michoro ya penseli kabla ya rangi, mwambie kabisa picha inahusu nini, umuulize kipi hakiruhusiwi kutoka nje ya nyumba. Akifuta kitu, kifute. Mikopo ya watu ni siri yao hata ukiwa mke wa kaka. Waombe waandike mistari miwili ya ridhaa, na kama mtu anataka kununua au kuchapisha picha zenye nyuso zao, muone mwanasheria wa huko kabla ya kutia sahihi.

Baadhi ya mambo hayatibiki kwa barua. Rangi ikianza kuinuka kama magamba, usiibandike kwa gundi; mpelekee mhifadhi wa michoro, na makumbusho ya sanaa ya Columbus au yale ya High, Atlanta, ni mahali pa kuulizia. Ukisikia kizunguzungu au kichwa kuuma kila unapochora, simamisha kazi, badilisha kiyeyusho na umwone daktari. Na kabla hujahukumu kama picha imefaulu, itazame ana kwa ana pamoja na mchoraji mwingine, kwa sababu kamera ya simu huangaza giza yenyewe na kukuficha mabaka.

Ile picha aliyoiona wifi usiichane. Igeuze ukutani, anza na visanduku vinane Jumapili hii baada ya kula, na chora ukiwa umekaa nao mezani ili waone penseli inaenda wapi.